Kadi Mpya, Kompyuta ya Zamani

Msikilizaji, kabla hujatoa hela ya kadi ya grafiki, chukua bisibisi ufungue kasha. Tuzungumzie kompyuta ya Dell OptiPlex 7010, ile ndogo, nyembamba, ya mwaka 2012.

Tundu la kadi lipo, na kadi za leo nyingi zinaingia humo bila ugomvi. Kinachokwamisha ni pawasaplai. Soma kibandiko chake: wati 240 kwa kompyuta nzima, tena hakuna waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo kadi itategemea umeme wa tundu peke yake, ambao kwa kawaida hauzidi wati 75. Ukiona kadi ina kitundu chake cha umeme pembeni, irudishe kwenye meza ya muuzaji. GeForce GT 1030 hutumia wati 30 hivi, inatosha kwa kazi nyepesi.

Kimo nacho. Kasha hili linataka kadi fupi, yenye kibati kifupi cha kufungia. Mwambie muuzaji hivyo, wala usikubali maneno ya “itaingia tu, bosi.”

Halafu monita. Kama yako ni ya kizamani, yenye plagi ya bluu ya VGA, GT 1030 haina tundu hilo. Utahitaji kigeuzi chenye saketi ndani, si waya mtupu. Na ukishafunga, chomeka monita kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Wengi huishia kwa fundi kwa sababu hiyo tu.