Metriki: Kanuni ya Kupima Nafasi na Wakati

Mada kwa semina ya walimu wa fizikia, Ihanja, Mkoa wa Singida



Nadharia ya uhusianifu wa jumla hufundishwa mara nyingi kwa picha ya shuka la mpira lililobonyezwa na tufe zito. Napendekeza tuanze na metriki, kwa kuwa picha ile inaficha jambo kuu: hapa duniani, kinachofanya jiwe lianguke ni kupinda kwa wakati zaidi kuliko kupinda kwa nafasi.

Namba za kutajia mahali hazitoshi kutupa umbali. Hapa Ihanja, karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, digrii moja ya longitudo ni takribani kilomita 111. Mjini Stockholm digrii hiyo hiyo ni kilomita 57 tu. Kanuni inayogeuza digrii kuwa kilomita, kila mahali kwa kiwango chake, ndiyo metriki ya uso wa dunia.

Novemba 1915 Albert Einstein alikamilisha milinganyo inayohusu metriki ya vipimo vinne, vitatu vya nafasi na kimoja cha wakati. Metriki hiyo ina vijenzi 10, nayo ndiyo inayoamua saa itahesabu sekunde ngapi na jiwe litapita njia gani. Newton alisema jiwe huvutwa. Kwa Einstein halivutwi na chochote. Linafuata njia iliyonyooka kadiri metriki inavyoruhusu, na metriki yenyewe hutokana na maada na nishati.

Karl Schwarzschild, akiwa jeshini katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipata metriki ya nje ya tufe lisilozunguka. Ilichapishwa 1916, mwaka aliofariki. Kwa metriki hiyo, saa iliyo juu huenda haraka kuliko iliyo chini. Uwanda wa Singida uko yapata mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo saa ya atomu hapa ingeitangulia ya pwani ya Dar es Salaam kwa nanosekunde 14 hivi kila siku. Wanafunzi wa Kidato cha Tano wanaweza kulikokotoa hili: zidisha g kwa urefu, gawanya kwa mraba wa kasi ya mwanga, kisha zidisha kwa sekunde 86,400.

Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu. Saa zake hupata mikrosekunde 45 kwa siku kutokana na mvutano na kupoteza 7 kwa sababu ya mwendo. Hubaki 38, muda ambao mwanga husafiri kilomita 11. Ndiyo maana saa hizo hurekebishwa kabla ya kurushwa. Mpima ardhi anayeweka mipaka ya mashamba Ikungi anaitegemea hesabu hiyo.

Afrika Mashariki ina sehemu kubwa zaidi katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Iligundua kwamba eksirei za Cygnus X-1, chanzo kimoja angani, hubadilika kwa muda usiofika sekunde moja, dalili kwamba chanzo hicho ni kidogo mno. Leo tunakijua kuwa shimo jeusi lenye tungamo la Jua mara 21 hivi. Metriki ya Schwarzschild ingelipatia nusu kipenyo cha kilomita 62, lakini shimo hilo linazunguka kwa kasi kubwa, hivyo hesabu yake sahihi inahitaji metriki aliyoipata Roy Kerr wa New Zealand mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipojitawala.