Maktaba na Barabara Katika Mizani ya Halmashauri

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai. Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, kuanzia makao ya wilaya mjini Tororo na Busia hadi kwenye gombolola kama Merikit, madiwani huketi kugawa fedha ambazo hazitoshi. Katika vikao hivyo vipo vifungu viwili vilivyo rahisi kukatwa: vifaa vya maktaba, na gharama za kupanga barabara na usafiri. Husemwa kwamba rafu haishibishi, na ramani haipitishi gari. Hoja hiyo yafaa kupimwa, hasa na askari wa jeshi na polisi, ambao jamaa zao ndio wakazi wa gombolola hizo.

Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, maktaba za umma, ambazo tangu 1964 zilisimamiwa na bodi ya taifa, zimekuwa mzigo wa halmashauri. Sheria hiyo huiachia gombolola ya mashambani asilimia 65 ya mapato inayoyakusanya. Lakini kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2005, na fedha nyingi zitokazo Serikali Kuu hufika zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi. Kwa hiyo meza, rafu, taa na vitabu hutegemea mfuko mdogo ambao kila mtu ameutolea macho.

Kuhusu barabara, ushahidi umo mpakani penyewe. Neno bodaboda lilizaliwa hapa katika miaka ya 1960, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo baina ya Uganda na Kenya. Hakuna halmashauri iliyoipanga kazi hiyo. Wananchi waliziba pengo kwa miguu yao wenyewe, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini baiskeli zilipogeuka pikipiki, pengo la mipango likawa ajali, na anayeitwa usiku kuja kupima barabara na kuandika majina ya majeruhi ni askari polisi. Vivyo hivyo, greda likipita mahali ambapo hakuna aliyepima njia ya maji, mvua ya Aprili huisomba changarawe yote, na fedha zilizookolewa kwa kutopanga hulipwa mara mbili.

Kadhalika, jengo la maktaba lisilo na vifaa ni ghala tupu. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Askari wamekitumia Kiswahili kambini kwa miaka mingi, lakini mtoto wa Merikit, ambaye nyumbani huzungumza Kiteso, atakijifunza kwa kitabu gani, na atakisomea wapi jua likishatua? Naye askari anayejiandaa kwa mtihani wa kupandishwa cheo, au kwa maisha baada ya kustaafu, anahitaji meza na taa ile ile.

Mambo haya mawili kwa hakika ni jambo moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliziweka maktaba na barabara za kaunti katika orodha moja ya kazi za kaunti. Na kabla ya hapo, mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa ngamia, mmoja akibeba masanduku ya vitabu na mwingine hema la kusomea. Waliofanya hivyo walitambua kwamba kitabu kisichopata njia ya kumfikia msomaji ni karatasi tu. Tororo haihitaji ngamia; inahitaji mpango unaotaja shule ipo wapi, kituo cha polisi kipo wapi, maktaba itakaa wapi, na njia ipi itaviunganisha.

Kifungu cha 190 cha Katiba ya Uganda huitaka wilaya kuunganisha mipango ya halmashauri za chini katika mpango wake. Maana yake ni kwamba neno lisilosemwa Merikit halitasomwa Tororo. Askari aliye kazini hafungamani na chama, naye yu chini ya mamlaka ya raia. Hivyo si kazi yake kwenda kuwaamrisha madiwani akiwa amevaa magwanda. Lakini mzee wake, mkewe na ndugu zake ni wananchi wenye haki ya kuuliza katika mkutano wa bajeti: kifungu cha maktaba kina kiasi gani, na nani amepima barabara?

Haba na haba hujaza kibaba. Halmashauri ikishindwa kununua vitabu mia, na inunue kumi pamoja na taa. Ikishindwa kujenga barabara nzima, na ipime kwanza njia ya maji. Kifungu kidogo kinachobaki katika bajeti chaweza kukua mwaka unaofuata. Kilichofutwa huhitaji kuanza upya, na watoto hawangoji.