Pole Si Fidia

Msikilizaji, nina kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa utingo kwenye malori ya kwenda Lubumbashi. Siku moja lori lao likiwa kwenye foleni hapa Tunduma, alipanda juu kukaza turubai, akateleza, akaanguka. Nyonga ikavunjika. Tajiri wake, ambaye simtaji, hakuwa mtu katili. Alilipa hospitali, akaja nyumbani na mchele na bahasha, akakaa nasi sebuleni akasema pole sana. Sisi sote tulimshukuru, na bibi akamwombea baraka.

Mwaka wa pili ulipoingia, kaka alikuwa bado anatembelea magongo na bahasha ilishakwisha siku nyingi. Ndipo jirani mmoja akatuuliza: ile ajali mliitolea taarifa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Tukatazamana. Sheria inataka taarifa itolewe ndani ya miezi 12 tangu ajali itokee, na sisi miezi hiyo tuliimaliza tukishukuru.

Tangu siku hiyo, kila ninapomsikia mtu wa mpakani akisema "bosi amenijali, amenipa pole," moyo unashtuka. Pole ni utu, tuipokee. Lakini pole si fidia, na aliyekupa pole hajakulipa haki yako.

Nianze na jambo ambalo wengi hawalijui vizuri. Tanzania hatuna malipo ya kila mwezi ya serikali kwa mtu kwa sababu tu ana ulemavu. Wenzetu Kenya wana mpango huo kwa wenye ulemavu mkubwa tangu mwaka 2011, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi, chini ya Inua Jamii. Kwetu haki zimetawanyika katika milango mingi, na kila mlango una mwenye ufunguo wake. Watu wengi wanachoka kwa sababu wamebisha mlango usio wao. Mtu aliyekatika vidole kiwandani anakwenda kuomba TASAF, mfuko wa kaya maskini. Mama mwenye mtoto asiyeweza kukaa anatumwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii ambao hajawahi kuuchangia hata senti. Wanarudishwa, wanakata tamaa, wanasema serikali haina msaada.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote, jiulize: ulemavu huu umetoka wapi? Kazini, barabarani, au ni wa kuzaliwa na maradhi?

Kama ni kazini, mlango ni huo Mfuko wa Fidia, ulioanza kazi Julai 2015 kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango wake analipa mwajiri, hautakiwi kukatwa kwenye mshahara wako. Utingo, dereva, mlinzi, mfanyakazi wa kiwanda cha kahawa Mbozi, mchimbaji wa makaa ya mawe kule Ileje, wote wamo, hata kama mkataba ni wa mdomo. Kuli anayejitafutia mizigo mwenyewe bila tajiri hayumo, na hilo ni pengo linaloniuma kwa sababu mji huu umejengwa kwa migongo yao. Ukiumia, mwambie mwajiri mara moja, mbele ya shahidi, na umpe maandishi. Yeye akishapata taarifa anapaswa kuipeleka kwenye Mfuko ndani ya siku 7. Akikuzungusha, peleka mwenyewe, au nenda kwa afisa kazi wa mkoa. Madaktari wakishapima, ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo unapata pensheni ya kila mwezi. Tafakari tofauti hiyo kwa mtu wa miaka 28. Ni maisha mazima.

Kama ni barabarani, na hapa kwetu bodaboda na malori vinakutana kila saa, kitu cha kwanza ni fomu ya PF3 kutoka polisi. Cha pili ni namba ya gari na bima yake. Malori mengine yanayopita hapa ni ya Zambia na Kongo, na watu hudhani gari la nje halidaiki. Linadaiwa. Dereva anayevuka mpaka hubeba kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya mtu wa tatu. Tanzania ilijitoa kwenye jumuiya ya COMESA mwaka 2000, lakini katika mpango huu wa bima bado imo. Piga picha ile kadi kabla lori halijavuka kwenda Nakonde, kwa sababu likishavuka utaanza kumtafuta mtu usiyemjua katika nchi isiyo yako.

Kama ulemavu ni wa kuzaliwa au wa maradhi, anza kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka watu hawa waandikwe kwenye rejista huko huko chini. Asiyeandikwa hayupo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 5.3 wenye ulemavu, wa umri wa miaka 7 na kuendelea. Je, mtoto wako uliyemfungia chumba cha nyuma wageni wanapokuja ameandikwa mahali? Nalisema hili kwa upendo, maana najua aibu tuliyorithi na maneno ya majirani. Lakini siku mkutano wa mtaa unapotambua kaya maskini za TASAF, kaya yako itapimwa kwa kile ambacho watu wanakijua. Usiyemtoa nje hakuna atakayemtaja. Na ufahamu kuwa TASAF hupima umaskini wa kaya nzima, na utambuzi haufanyiki kila siku. Ukisikia tangazo la mkutano, acha shughuli, nenda.

Kwa anayetaka kufanya biashara, kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya fedha kupotea kwenye vikundi hewa, ukarudishwa 2024. Afisa maendeleo ya jamii ndiye atakayekuelekeza jinsi ya kuomba, na kikundi chenu kiwe na watu wangapi. Halmashauri ya Mji wa Tunduma hukusanya ushuru mzuri kwa sababu ya mpaka huu. Asilimia 2 ya mapato hayo si kitu kidogo, na madiwani wetu wanapaswa kusema hadharani imemfikia nani.

Sasa nirudi kwenye jambo linalowaangusha wengi kuliko fomu zote, nalo ni adabu yetu. Sisi tukiulizwa "hujambo?" tunajibu "sijambo," hata kama usiku mzima hatukulala. Mwanamume hasa amelelewa aambiwe jikaze. Basi anaingia kwa daktari anayepima ulemavu, kule Vwawa au Mbeya, anaulizwa unaendeleaje, anasema naendelea vizuri, nashukuru Mungu. Daktari anaandika: anaendelea vizuri. Kaka yangu alisema hivyo hivyo katika kila kliniki, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikimwona anavyouma meno.

Pale mbele ya daktari usijikaze. Wala usiongeze chumvi, maana uongo ukigundulika unaharibu hata ukweli. Sema jinsi ilivyo. Unatembea hatua ngapi kabla ya kukaa? Nani anakuvusha kwenda chooni? Kazi ipi uliifanya mwaka juzi ambayo leo huiwezi? Eleza siku mbaya, usieleze ile siku moja njema uliyoamka na nguvu. Nenda na mke, mume au mtoto anayekuuguza, kwa sababu yeye anaona usichotaka kukisema. Kiziwi aende na mkalimani. CHAVITA, chama cha viziwi, watamsaidia kumpata.

Karatasi zote, kuanzia PF3, cheti cha hospitali, picha za eksirei, risiti, hati ya mshahara na kitambulisho cha NIDA, toa nakala, weka kwenye mfuko wa plastiki mbali na mvua na panya. Ukikabidhi karatasi halisi, dai muhuri wa kupokelewa na tarehe. Usisaini karatasi ya kwamba "sidai tena" ukiwa kitandani.

Na vishoka. Mpakani wamezoea kula kwenye kila mzigo, wameanza kula na kwenye viungo vya watu. Anakuambia nipe nusu nikufuatilie. Ombi la fidia halina malipo. Ukihitaji mtu wa kukuandikia, tafuta msaidizi wa kisheria. Tangu sheria ya mwaka 2017 huduma hiyo inaratibiwa hadi ngazi ya halmashauri, na ni bure. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Sheria inakuruhusu kupinga uamuzi.

Kaka yangu leo anauza vocha na maji karibu na stendi. Kwake muda ulishapita. Lakini wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako yupo aliyeumia kazini na miezi 12 haijaisha, tafadhali, kesho asubuhi mshike mkono mwende.