Semeni Kabla Siku Hazijaisha

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama, fundi wa reli, mbele ya wafanyakazi waliokutana Feri, Mombasa)



Mimi si msemaji, ni fundi, na elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Basi nitasema machache, na yote ni mambo niliyoyaona kwa macho yangu au ninayoyajua vizuri.

Hapa Feri kila mtu anajua kwamba mlango wa kivuko ukifungwa, hata ukipiga kelele namna gani, umeachwa. Lakini kivuko kingine kitakuja. Siku za majaribio ya chombo kipya cha kazi hazina kivuko cha pili. Zikipita zimepita.

Katika karakana moja niliyofanya kazi, tuliletewa programu ya kompyuta ya kuchora vipuri. Ilikuwa bado mpya, ya kujaribiwa kwa siku 30. Tuliambiwa, "Itumieni, kisha mseme mlivyoiona." Nasi tulifurahi, maana mchoro uliotuchukua siku nzima kwa penseli na rula ulimalizika kabla ya saa ya chakula.

Lakini kulikuwa na kasoro. Michoro yetu mingi ya zamani ni ya inchi, na programu ile ilifanya kazi kwa milimita. Tundu la pini la inchi 7/8 ni milimita 22.225. Programu ilitupa desimali ikaandika 22. Mwenye mashine akatoboa 22 kama alivyoandikiwa, na pini haikuingia. Basi tukachukua tupa, tukakwangua tundu moja moja kwa mkono.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu aliliona jambo hilo katika juma la kwanza. Nani aliandika? Hakuna. Mimi nilisema hiyo ni kazi ya karani. Karani alidhani mainjinia wanajua. Mwingine aliogopa akisema ataambiwa hajui kompyuta. Siku ya 31 programu ikafunga yenyewe. Ofisi ikatazama karatasi ya maoni, ikaikuta nyeupe, ikasema, "Mafundi wameridhika," ikainunua kama ilivyo. Baadaye tulipolalamika tulijibiwa kwamba majaribio yamekwisha, na kila badiliko sasa lina gharama yake. Tuliendelea kukwangua matundu, na mwisho wa mwezi tukaulizwa kwa nini kazi yetu inakwenda polepole. Kunyamaza kwetu ndiko kulikotutia lawama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ule tuliujenga kwa tupa.

Mtu atasema, "Hata tukisema, nani atatusikiliza sisi wadogo?" Nitamjibu kwa jambo ambalo kila mmoja hapa anatembea nalo mfukoni. Mwezi wa Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza kujaribu M-Pesa huko Nairobi na Thika, pamoja na Faulu Kenya. Waliojaribu hawakufika watu 500. Shabaha ya kwanza ilikuwa watu wapokee na kulipa mikopo midogo kwa simu. Lakini wale watu wakaitumia kwa haja zao. Walipelekeana pesa wao kwa wao, na wengine waliweka pesa kabla ya safari wakazitoa walikofika, wasitembee na noti mfukoni. Wenye mradi waliyatazama hayo wakati majaribio yakiendelea, wakageuza shabaha. Mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ilipofunguliwa kwa watu wote, kazi yake kubwa ilikuwa kupeleka pesa nyumbani. Watu wasiofika 500, wengi wao wenye biashara ndogo, waligeuza chombo ambacho leo kinatumiwa na mamilioni. Waliweza kwa sababu walionekana mapema, kabla mambo hayajakazwa nati.

Sasa tumeambiwa programu nyingine inakuja kujaribiwa kwetu. Naomba tufanye hivi.

Kwanza, siku ileile inapofika, mwakilishi wetu aulize tarehe ya mwisho, na aibandike ukutani.

Pili, tuandike katika juma la kwanza, tusingoje la mwisho. Ukisema mapema, wenye programu wataitengeneza na wewe utapata siku za kuijaribu tena. Ukisema siku ya mwisho, huwezi kujua kama dawa imeponya.

Tatu, tusiandike "programu mbaya." Neno hilo halimsaidii mtu. Andika tarehe, ulifanya nini, ulitazamia nini, na kilitokea nini. "Niliandika inchi 7/8, nilitazamia 22.225, ikatoa 22." Mtengenezaji aliye ng'ambo ataelewa bila kukuona uso.

Nne, lililo zuri pia tuliandike, wasije wakaliondoa kwa kutojua.

Tano, anayeogopa kuandika peke yake ampe mwakilishi, na karatasi iende kwa jina la karakana nzima. Na kama kasoro inagusa usalama, ipelekwe pia katika kamati ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati hiyo iwepo kila penye wafanyakazi 20 au zaidi.

Ndugu zangu, si kwamba tunakataa kompyuta. Mimi sitaki kurudi kwenye penseli. Lakini anayejua kama pini inaingia ni yule aliyeishika mkononi. Asiposema yeye, atasema asiyejua. Safari hii karatasi ya maoni isirudi nyeupe.