Usalama wa mtaa: Mwizi wetu hakutoka mbali

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya swala ya Isha, jijini Dar es Salaam)

Sifa zote njema ni zake Allah (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, Nabii Ibrahim (AS) alipouombea dua mji wa Makka, alianza kwa kuomba amani, kisha ndipo akawaombea wakazi wake riziki ya matunda (2:126). Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (SAW) ametufundisha kuwa anayeamka akiwa na amani nyumbani kwake, afya mwilini mwake na chakula cha siku yake, ni kana kwamba amekusanyiwa dunia yote. Tazameni mpangilio huo: amani imetangulia afya na chakula.

Sasa tuutazame mtaa wetu. Tumeweka nondo madirishani na tumepanda chupa zilizovunjwa juu ya kuta, na bado hatulali. Safu ya Alfajiri imepungua, kwa sababu wazee wanachelea kutoka kungali giza. Mama zetu hawaji tena kwenye darsa za usiku. Ibada yenyewe imeguswa, na kwa hiyo jambo hili lina haki ya kuzungumzwa ndani ya msikiti.

Jiji letu lina kumbukumbu chungu. Ijumaa ya Januari 2, 2015, baada ya mazishi ya kijana aliyedaiwa kuwa wa kundi la Panya Road na aliyeuawa na wananchi, watu wa mitaa mingi walifunga maduka na kukimbia hovyo, wengi wao wakikimbia uvumi tu. Septemba 2022 vijana wenye mapanga walivamia nyumba za watu, na huko Kawe mwanafunzi akauawa nyumbani kwao. Kila mara Polisi waliingia kazini, wakakamata, na mwaka 2022 watuhumiwa wengine wakauawa. Hali ilitulia, kisha ikarudi. Kwa nini hurudi? Kwa sababu tunamfukuza mwizi, lakini hatuyagusi yanayomzaa.

Mkono unaonunua

Jambo la kwanza ni soko. Kijana anayepora simu hana haja na simu hiyo. Ana haja na mnunuzi. Vioo vya pembeni vya magari, taa, betri, mitungi ya gesi, hata mifuniko ya mifereji inayouzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kuwaacha watoto wetu wakitumbukia mashimoni: vyote hivyo vina wanunuzi. Na wanunuzi hao, ndugu zetu, baadhi yao tunaswali nao bega kwa bega. Mtu anauziwa simu kwa robo ya bei yake, bila risiti, na muuzaji anatazama nyuma kila dakika, kisha anasema, "Mimi sikuiba." Allah (SW) ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui (5:2). Hata sheria ya nchi inahesabu kupokea mali ya wizi kuwa ni kosa la jinai. Mnunuzi ndiye mwajiri wa mwizi.

Mkono unaoficha

Jambo la pili ni nyumba zetu. Mama anaona mwanawe asiye na kazi amekuja na viatu vipya, na haulizi. Akikamatwa, ukoo mzima unajipanga kwenda kumtoa, kwa maombi au kwa bahasha. Mnaikumbuka habari ya mwanamke wa Bani Makhzum, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Aliiba, na jamaa zake wakamtuma Usama (RA) amwombee kwa Mtume (SAW). Mtume (SAW) alighadhibika, akabainisha kuwa waliotutangulia waliangamia kwa kumwachia mwizi mwenye heshima na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata binti yake mwenyewe asingeachwa.

Mkono unaoua

Jambo la tatu ni zito zaidi. Ukelele wa "Mwizi!" ukipigwa, watu wasiojua kilichoibiwa wala aliyeiba hukusanya mawe na matairi. Katika muongo wa 2010, watetezi wa haki za binadamu nchini waliripoti mamia ya watu waliouawa hivyo kwa mwaka. Allah (SW) ametuamuru kuchunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua (49:6), na ameifanya nafsi moja inayouawa bila haki kuwa sawa na watu wote (5:32). Adhabu katika Uislamu ina ushahidi, ina kadhi na ina mamlaka. Anayewasha tairi hasimamishi sheria ya Allah, anaivunja.

Mwezi wa Rajab uliopita, kijana mmoja alipigwa nyuma ya soko akiwa na mkoba wa mtu. Alinusurika kwa sababu wazee wawili wa msikiti huu walisimama mbele yake hadi alipopelekwa kituoni. Sisi walimu tulipofika tulimtambua. Alikuwa mwanafunzi wetu. Jina lake limo katika daftari la mahudhurio, na mbele yake tuliandika neno moja: "Ameacha." Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hatukwenda kwao kuuliza kwa nini ameacha. Tunalisema hili hadharani kwa sababu hatuwezi kuwanyooshea wengine kidole na kujisahau.

Katika Bukhari imo hadithi ya watu wa jahazi. Wa chini walitaka kutoboa sehemu yao wapate maji. Mtume (SAW) ameeleza kuwa wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Wakiwashika mikono, wote wataokoka. Zingatieni: amesema kuwashika mikono. Hakusema kuwatupa baharini.

Basi tuondoke hapa na ahadi nne. Kwanza, asinunue yeyote kitu asichojua kilikotoka. Na aliyekwisha kununua akirejeshe, hata kwa kupitia kwa imamu. Pili, mwizi akikamatwa, watu wa msikiti wawe wa kwanza kumkinga na kumfikisha kwa mwenyekiti wa mtaa na Polisi. Tatu, sisi walimu, mtoto akikosa siku tatu, tutakwenda kwao. Nne, kila fundi aliyemo katika safu hizi, awe seremala, mshonaji au fundi wa magari, achukue kijana mmoja amfundishe kazi. Na ulinzi shirikishi tuuchangie kwa fedha na kwa zamu, si kwa maneno.

Yule kijana amerudi mtaani. Jana alipita mlangoni hapa, akatutazama, asiingie. Tunamwomba Allah (SW) amfungulie moyo wake, na sisi atufungulie mlango. Wabillahi tawfiq.