Foleni, Moshi na Mtoto Langoni mwa Shule



Msongamano wa magari huzungumzwa zaidi kama upotevu wa muda. Abiria hulalamika kuwa amechelewa kazini, dereva kuwa amechoma mafuta bure. Ni nadra kumsikia mtu akilalamikia kile ambacho foleni hiyo hiyo huingiza katika mapafu ya mtoto aliyesimama kando ya barabara akisubiri kuvuka. Jiji la Stockholm, nchini Sweden, liliwapa watafiti nafasi adimu ya kulipima jambo hilo.

Tarehe 3 Januari 2006 jiji hilo lilianza kwa majaribio kuyatoza magari yaliyoingia au kutoka eneo la katikati katika siku za kazi. Tozo ilikuwa kroni 10, 15 au 20 kulingana na saa, na haikuzidi kroni 60 kwa siku. Mabasi mapya 197 yalikuwa yameingizwa barabarani miezi kadhaa kabla. Wakazi wengi walilipinga jaribio hilo kabla halijaanza, wala haishangazi: nani hufurahia tozo mpya?

Magari yaliyovuka mpaka huo yalipungua kwa takriban asilimia 20, na foleni zikapungua kupita kiwango hicho, kwani katika barabara iliyokaribia kujaa, wachache wakiondoka wengi hupata kupita. La ajabu zaidi ni kwamba wasafiri walipoulizwa, wengi hawakukumbuka kuwa walikuwa wamebadili lolote. Safari moja iliahirishwa, mbili zikaunganishwa, siku nyingine basi likatumika. Kumbe mazoea ya safari si magumu kama yanavyodhaniwa.

Jaribio lilipokoma Julai 31 magari yalirudi, ila si yote. Mwezi Septemba wakazi wa jiji walipiga kura, na zaidi kidogo ya nusu wakataka tozo irejeshwe. Miji jirani iliyopiga kura yake ilikataa. Agosti 2007 ikarejea moja kwa moja.

Hewa nayo ilichunguzwa. Emilia Simeonova na watafiti wenzake waliona kwamba uchafuzi ulipungua kwa asilimia 5 hadi 15, na pamoja nao mashambulizi makali ya pumu kwa watoto wadogo. Nafuu hiyo haikuja yote kwa mkupuo. Iliongezeka kadiri muda ulivyopita. Mpimaji mwenye haraka angeondoka akidhani kwamba faida ni ndogo.

Tozo ya namna hiyo si jambo la kata kuamua, na pale ambapo usafiri wa umma hautoshi ingewaumiza wanyonge. Dar es Salaam ilianzia upande mwingine, kwa mabasi yaendayo haraka yaliyopewa njia yao mwaka 2016. Hata hivyo, moshi wa magari huwa mzito kando ya barabara na hupungua sana mita mia chache kutoka hapo. Kwa hiyo mahali kilipo kituo ni jambo la afya. Daladala inayonguruma mbele ya lango la shule ikisubiri abiria humwaga moshi karibu na kimo cha pua ya mtoto wa darasa la kwanza, naye, kwa kulinganisha na uzito wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima.

Kuzima injini wakati wa kusubiri, au kukisogeza kituo, ni hoja inayoweza kujadiliwa katika mkutano wa mtaa na kufikishwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mama lishe anayeuza chai kituoni atakuwa na la kusema, vivyo hivyo mzee asiyeweza kutembea mbali, na wote wawili wana haki ya kusikilizwa kabla nguzo haijang'olewa. Jaribio la Stockholm lilikuwa na tarehe ya mwisho iliyojulikana tangu mwanzo. Kituo nacho chaweza kuhamishwa kwa muhula mmoja wa shule, kisha wazazi, madereva na wafanyabiashara waulizwe tena.