Randa Ipimwe kwa Mbao Inayoikata



Hoja ya mada hii ni moja: randa inayotoka dukani bado haijakamilika. Anayeikamilisha ni fundi, kwa kuijaribu juu ya mbao ileile atakayoifanyia kazi. Kwetu Mpanda jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mbao za mninga na mkurungu wa misitu ya miombo hazina tabia ya mbao za misindano ya shamba la miti la Sao Hill.

Msindano una nyuzi zilizonyooka kiasi, na kisu kilicholala kwa digrii 45, kama kilivyo katika randa nyingi za chuma, huukata bila taabu. Mninga mara nyingi una nyuzi zilizopishana: tabaka moja limeelekea huku, la jirani limeelekea kule. Ukipiga randa, ukanda mmoja unatoka laini na wa pembeni yake unachimbika vishimo. Ukigeuza ubao, vishimo vinahamia kwenye ukanda uliokuwa laini. Hapo ni rahisi kuilaumu mbao. Lakini noa kisu upya, punguza kina chake, kisha sogeza chuma kinachokibana hadi kibaki chini ya nusu milimita kutoka kwenye makali; maranda yataanza kutoka yamenyooka badala ya kujiviringisha, na vishimo vitapungua. Vikibaki, noa kidogo upande wa mgongo wa kisu kwa digrii 10. Pembe ya kukatia itapanda hadi digrii 55, na nyuzi zitakatwa kabla hazijang'oka. Mbao haikubadilika, kilichobadilika ni marekebisho. Ili kujua kipi kimesaidia, fundi abadilishe jambo moja kwa wakati, na kila mara aukague uso wa ubao kwa mwanga unaopita ubavuni, unaofichua kasoro ambazo mwanga wa juu huzificha.

Wapo watakaosema mteja hangoji majaribio. Ni kweli muda ni fedha, lakini kishimo kikishachimbika hakifutiki kwa msasa wa haraka. Uso mzima lazima ushushwe hadi chini ya kishimo hicho, na unene uliolipiwa unaishia kwenye maranda. Wengine watasema mashine za umeme zimemaliza habari hii. Mashine nayo ina visu vyenye pembe yake, na hung'oa nyuzi zilizopishana vilevile. Zaidi ya hayo, ulimi unaokataa kuingia kwenye tundu bado hurekebishwa kwa patasi. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba pembe ya digrii 55 huifanya randa iwe nzito kusukuma. Nalikubali, na ndiyo maana sipendekezi pembe hiyo kwa kila mbao. Kisu kimoja kibaki kwa ajili ya msindano, kingine kiandaliwe kwa mninga, kitumike kwenye mapitio ya mwisho tu.

Napendekeza kila karakana itenge kipande cha mninga na kingine cha mkurungu kwa majaribio, pembe ya kisu iandikwe kwa penseli juu ya kila kimoja, na mwanagenzi apimwe kwa uso wa vipande hivyo kabla hajakabidhiwa ubao wa mteja. Mninga huchukua miongo mingi kukomaa. Ufundi unaoupoteza kwa kisu kisichopimwa hauwezi kuitwa ufundi kamili.